Krediti zako 21 zitapokelewa, ila zitahesabiwa wapi?

Nianze na swali lenyewe, nimelifupisha kidogo maana ujumbe ulikuwa mrefu. Kaka mmoja yuko Fort Worth, Texas, alikuja na grini kadi ya bahati nasibu, nyumbani Tanzania alimaliza diploma ya IT, sa hivi anafanya kazi ya ghala usiku na mchana anasoma Tarrant County College, koleji ya umma ya miaka miwili. Ameshamaliza semesta mbili, ana krediti 21. Alianza kwenye asosieti (ile digrii fupi ya koleji) ya usalama wa mitandao sababu jamaa walimwambia ndo fupi na ajira zipo, lakini ukweli moyo wake uko kwenye digrii ya sayansi ya kompyuta pale University of Texas at Arlington, hiyo UTA yetu. Anauliza vitu vitatu: krediti zote zitaenda? Diploma ya nyumbani itahesabiwa? Na amalizie asosieti kwanza au ahame mapema?

Kaka habari za kazi. Kwanza ahsante kwa kuniorodheshea masomo yenyewe, maana wengi huwa wanauliza tu "krediti zangu zitaenda?" bila kusema ni zipi, sasa mtu nitajuaje. Wewe una ENGL 1301, HIST 1301, MATH 1314, SPCH 1315, alafu ITSC 1325, ITNW 1325 na ITSY 1300. Jibu la haraka kabla hatujaenda mbali: nne za mwanzo zina nafasi nzuri sana, hizo tatu za IT usizitegemee kwa digrii unayoitaka. Yani 12 ndani, 9 mashakani. Najua inauma, ila bora ujue leo kuliko ukigundua una krediti 60 mkononi.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukilielewa vizuri mengine yote yatakaa sawa, na ndo hilo watu wanalikosa kila mwaka. Chuo KUPOKEA krediti zako na chuo KUZIHESABU kwenye digrii yako ni vitu viwili tofauti kabisa. Unaweza kupeleka transkripti (karatasi ya matokeo yako) UTA wakakuandikia barua nzuri "tumepokea krediti 60", ukafurahi ukapiga simu mpaka Mwanza, alafu ukikaa na advaiza, yani mshauri wa masomo, wa fani yako anakuonyesha kwamba kati ya hizo 60 ni 38 tu ndo zinaziba nafasi kwenye digrii, zilizobaki zimekaa pembeni kama masomo ya kujazia na fani yako haina nafasi za kujazia au inazo chache mno. Hakuna aliyekudanganya hapo. Wamepokea kweli. Ila hazikusogezi. Kwahiyo swali usiulize "zitaenda?", uliza "zitaziba nafasi gani kwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, mwaka huu wa katalogi (kitabu cha chuo chenye masharti ya digrii)?" Hilo swali la pili advaiza hawezi kulijibu kwa ndio tu, lazima afungue mpango wa digrii akuonyeshe.

Kwa Texas bahati yetu ni kwamba namba za masomo zinasomeka. Jimbo lina mfumo wa namba za pamoja, koleji nyingi na vyuo vingi vinautumia, na hata chuo chenye namba zake chenyewe kinakuwa na jedwali la kulinganisha. Herufi nne za mbele ni fani ya somo. Tarakimu ya kwanza ni ngazi, 1 ni mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, komyuniti koleji kwa kawaida haivuki hapo. Tarakimu ya pili ndo idadi ya krediti. Kwahiyo MATH 2413 ni hesabu ya ngazi ya pili, krediti 4. ENGL 1301 ni ngazi ya kwanza, krediti 3. Ukishajua hivo unaweza kusoma transkripti ya mtu yeyote hapa Texas ukiwa umekaa zako kwenye basi.

Ila namba peke yake haitoshi, na hapa ndo masomo yako matatu yalipoangukia. Koleji zetu zinafundisha masomo kutoka vitabu viwili vya jimbo. Kimoja kinaitwa ACGM, humo ndo yamo masomo ya kitaaluma yaliyoandaliwa tangu mwanzo yaweze kuhamia vyuo vikuu vya umma. Kingine ni WECM, hicho ni cha masomo ya ufundi na ajira. ITSC, ITNW, ITSY zote ni za kitabu cha pili. Sio kwamba ni masomo mabaya, hapana, hiyo ITNW 1325 inaweza kukupa kazi ya mitandao kabla hata hujamaliza, lakini chuo kikuu hakina wajibu wa kuihesabu kwenye digrii ya sayansi ya kompyuta. Masomo ya kompyuta yanayohama yanaanza na COSC: COSC 1436, COSC 1437, COSC 2436, na COSC 2425. Wewe ulikuwa jengo hilo hilo, pengine hata mwalimu yule yule, ila mlango mwingine.

Na mlango huo una jina. Asosieti ziko aina tofauti. Kuna AA ya sanaa na AS ya sayansi, hizo zimejengwa kwa mtu anayekwenda digrii. Alafu kuna AAS, ya sayansi tumizi, hiyo imejengwa kwa mtu anayekwenda kazini moja kwa moja. Jamaa zako hawakukudanganya waliposema ni fupi na ajira zipo, wao walikuwa wanaongelea kazi na wewe ulikuwa unawaza digrii, hamkuulizana. Kitu cha kwanza kabisa kwahiyo, kabla ya kurejista semesta ya Januari, badilisha fani pale koleji kutoka AAS kwenda AS. Ni fomu tu au kubofya onlaini, hailipiwi. Usiahirishe maana inagusa hela zako pia, nitafika huko.

Kama lakini ukikaa ukafikiria ukaona hapana, mi napenda hii ya usalama wa mitandao na nishafika mbali, basi usikate tamaa, kuna digrii zinaitwa BAAS, yani za sayansi na sanaa tumizi, University of North Texas pale Denton wanayo, zimetengenezwa makusudi zichukue AAS kwa wingi. Digrii ni digrii, ina faida yake kazini hasa kwa mtu anayetaka kupanda cheo. Ila sio sayansi ya kompyuta, na ukija kutaka masta ya kompyuta baadaye watakurudisha ukasome hesabu zile zile ulizozikwepa. Chagua ukijua.

Haya tuje kwenye hesabu, maana kwako wewe mtu akisema "nimalize kori kwanza" mi nakataa kabisa.

Kori ni yale masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo cha umma Texas, krediti 42: mawasiliano 6, hesabu 3, sayansi 6, lugha na falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali 6, sayansi ya jamii 3, na 6 za eneo ambalo kila chuo kinapanga chenyewe. Ukizimaliza zote 42 kwenye koleji moja, transkripti inapigwa alama kwamba kori imekamilika na chuo cha umma utakachohamia lazima kiichukue kama furushi moja, hawana ruhusa ya kuanza kuichambua kipande kipande. Nzuri sana. Kwa mtu wa biashara, ualimu, saikolojia, namwambia kamata kori yako kaa nayo.

Kwa mtu wa kompyuta na uhandisi kori sio kinachokuchelewesha. Kinachokuchelewesha ni mnyororo wa hesabu. Umemaliza MATH 1314, ile aljebra. Baada ya hapo kuna MATH 1316 au MATH 2412, za kukuandaa kwa kalkulasi, kutegemea na koleji inavyopanga, alafu MATH 2413 ndo kalkulasi ya kwanza, alafu MATH 2414 kalkulasi ya pili, na huwezi kusoma mbili kwa pamoja hata ukiwa na akili ya mashine, kila moja inasubiri ya nyuma yake. Fizikia PHYS 2425 nayo inasubiri kalkulasi. Programu za juu kule chuo kikuu nazo zinasubiri COSC zako. Hesabu mwenyewe: semesta tatu za hesabu zinakusubiri hata kama ungekuwa huna somo lingine lolote. Sasa mtu akikuambia chukua historia, serikali, saikolojia, sanaa, umalize kori kwanza hesabu utazifanya baadaye, maana yake utafika UTA ukiwa na kori safi kabisa alafu mwaka mzima na nusu unakaa kusubiri mnyororo, masomo ya fani huwezi kuyagusa, na masomo ya kori ambayo ungeyatumia kupunguza uzito wa semesta umeshayamaliza. Nimeona vijana wanne wakibeba kalkulasi, fizikia na programu mbili semesta moja sababu hawana tena kitu chepesi cha kuchanganyia. Hapo ndo watu wanabadilisha fani.

Kwahiyo kila semesta weka hesabu moja na kompyuta moja, alafu kori unajazia jazia pembeni na majira ya joto.

Na kuna mtego mwingine ndani ya kori yenyewe. Kori inataka hesabu krediti 3, na utakuta MATH 1332 au takwimu za MATH 1342 zinaiziba vizuri tu, nyepesi kuliko kalkulasi. Inataka sayansi 6, utakuta fizikia ya PHYS 1401 ambayo ni ya aljebra, au jiolojia, zote zinakubalika kwenye kori. Lakini digrii yako inataka kalkulasi na inataka fizikia ya kalkulasi. Ukichukua zile nyepesi umeziba kori, fani bado iko wazi, unalipa tena. Ukichukua MATH 2413 na PHYS 2425 unaziba kori na fani kwa mpigo. Kila ukitaka kuchagua somo la kori jiulize kama fani yako imeshakuchagulia. Historia na serikali hazina ujanja, HIST 1301 na 1302, GOVT 2305 na 2306, ni sheria ya jimbo, soma upite.

Basi mpango wako mimi ningeuchora hivi, na upeleke kwa advaiza auhakiki. Januari: MATH 2412 na COSC 1436, na kama shifti zinaruhusu GOVT 2305 ya onlaini. Majira ya joto: HIST 1302 na GOVT 2306, moja moja kwa zile semesta fupi za wiki tano, usizibebe zote mbili kwa wakati mmoja huku unafanya kazi usiku, zinakimbia sana zile. Agosti: kalkulasi ya kwanza na COSC 1437, na ENGL 1302. Januari inayofuata: kalkulasi ya pili, PHYS 2425, na kitu kimoja chepesi. Hapo unaweza kuhama, au ukakaa semesta moja zaidi uchukue fizikia ya pili na COSC 2436 kwa bei ya koleji. Ila kabla hujachukua COSC yoyote juu ya ya kwanza, uliza UTA wanataka ifundishwe kwa lugha ipi ya programu, maana somo namba ni moja lakini koleji moja inafundisha kwa Java nyingine kwa C++, na ukifika huko na lugha siyo utateseka hata kama krediti imehesabiwa.

Wala usifikirie kurundika krediti kwenye koleji sababu ni rahisi. Chuo cha umma hakilazimiki kuchukua zaidi ya krediti 66 za ngazi ya chini. Digrii yenyewe ni krediti 120 au zaidi kidogo, na robo yake angalau lazima uisomee kwenye chuo kinachokupa cheti. Alafu kuna sheria ya krediti za ziada, ukivuka mpango wa digrii yako kwa krediti 30 au zaidi, chuo kinaweza kukutoza ada ya mtu wa nje ya jimbo. Na kudropu nako kuna kikomo, ni masomo 6 tu katika maisha yako yote ya digrii ya kwanza kwenye vyuo vya umma vya Texas, ukihama koleji hesabu inahama na wewe. Ukirudia somo lile lile mara ya tatu ada inaweza kupanda. Vyote hivi havikuathiri leo, ila mtu anayebadilisha fani mara tatu vinamkuta.

Kuhusu hela. Una grini kadi kwahiyo FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo, unajaza kama kawaida. Pell Grant, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu ni dola 7,395, unachopata kinategemea kipato na wingi wa krediti. Sasa wengi wetu tunaiona ile rifandi inayoingia akaunti baada ya ada kukatwa, tunalipa kodi ya nyumba, maisha yanakwenda, sawa, sikulaumu. Lakini Pell ina ukomo wa maisha, semesta 12 za muda wote, na zile ulizotumia koleji ndo hizo hizo, UTA hawakupi mpya. Semesta uliyoitumia kusoma masomo yasiyohesabika umeila kwenye zile 12, na utaitamani sana mwaka wa nne ambapo ada ni ya chuo kikuu. Pia msaada huo unatakiwa ulipie masomo yaliyomo kwenye programu uliyojiandikisha, ndo maana nikasema badilisha kutoka AAS kwenda AS kwanza, vinginevyo unaweza kurejista kalkulasi mfumo ukakuambia somo hili halimo kwenye programu yako na msaada ukapungua.

Na tafadhali usije ukaacha shule katikati kimya kimya. Ukijitoa masomo yote kabla ya asilimia 60 ya semesta kupita, sehemu ya hela inarudishwa serikalini, na koleji itakudai wewe, na ukidaiwa ndo mwanzo wa transkripti kukwama. Kila W (alama ya somo ulilojitoa) nayo inahesabiwa kama somo ulilojaribu hukumaliza, koleji nyingi zinataka uwe umemaliza asilimia 67 ya ulichojaribu na GPA (wastani wa alama) 2.0, ukishuka chini ya hapo msaada unasimama. Ukiona kazi imekuzidi nenda kaongee na ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kudropu.

Diploma ya nyumbani sasa. Hapa nitakuwa mkweli kuliko unavyotaka. Utahitaji tathmini ya somo kwa somo, sio ile ya jumla inayosema tu "hii ni sawa na kadhaa". Kampuni ziko kadhaa, WES, ECE, SpanTran na nyingine, lakini usilipe kabla hujauliza UTA wao wanapokea ya nani au wanatathmini wenyewe, kuna watu wamelipa mara mbili. Mwambie ndugu nyumbani aanze kufuatilia transkripti rasmi chuoni kwako mapema, unajua mwenyewe ofisi zetu zinavyokwenda, na omba silabasi au maelezo ya kila somo, hata kama ni kopi ya kitabu cha mwongozo wa wanafunzi. Bila silabasi mtathmini anaona "Programu 1" hajui ndani kuna nini, anakupa krediti ya jumla jumla isiyoziba nafasi. Kwenye diploma ya ufundi, matarajio yangu ni kwamba utapata kidogo, pengine somo moja moja la kompyuta, na wingi wake utakaa kwenye kujazia. Inarudi pale pale, kupokelewa na kuhesabiwa. Kama una cheti cha kidato cha sita kiweke kwenye tathmini pia, vyuo vingine huwa vinatoa krediti kwa masomo ya ngazi hiyo.

Usije ukaficha diploma ile kwenye fomu ya maombi eti matokeo hayakuwa mazuri. Fomu inakutaka utaje kila chuo ulichosoma baada ya sekondari. Ikigundulika baadaye wanaweza kufuta udahili, na kwa mtu mwenye karatasi za uhamiaji hakuna sababu ya kusaini kitu cha uongo.

Kuna mtu aliniuliza kama Kiswahili kinaweza kuleta krediti. Kinaweza. Kipimo cha mazungumzo cha ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, kipo kwa Kiswahili, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wana mtihani wa CLEP (mtihani wa kupata krediti bila kukaa darasani) wa Kifaransa ambao vyuo vingi vya umma vinaupokea. Lakini angalia fani. Mtu wa lugha, mahusiano ya kimataifa, sanaa huru, hiyo ni krediti ya maana, inaziba kabisa sharti la lugha ya kigeni. Wewe wa kompyuta ukilipia mtihani ule utapata krediti nzuri isiyokuwa na pa kukaa, labda kwa kujisikia vizuri tu.

Uhame lini? Mimi nasema kama AS yenyewe imepangwa vizuri na imekubakizia masomo mawili matatu tu, imalize, cheti ni cheti na kuna skolaship za wanaohama zinazoangalia hilo, na ukiwa na GPA nzuri Phi Theta Kappa, chama cha wanafunzi wa koleji wenye alama za juu, watakualika, ukubali maana vyuo vingi vina hela ya wanachama wake. Lakini kama kumaliza AS kunataka uchukue masomo manne ambayo UTA hawayahitaji, achana nayo, hama mnyororo wa hesabu ukishafika kalkulasi ya pili. Ukishafika kule bado unaweza kupewa asosieti yako kwa njia ya kurudisha krediti, yani krediti za UTA zinarudi koleji wanakukamilishia cheti, jimbo lina utaratibu wake huo. Na angalia udahili wa fani sio wa chuo tu, idara za uhandisi na kompyuta mara nyingi zinatazama alama zako za hesabu na sayansi peke yake. C ya kalkulasi inahama, ila inaweza isikufungulie mlango wa idara. D usihesabu kabisa kwa masomo ya fani.

Fungua akaunti ya maombi mwaka mzima kabla, na hapo hapo omba mpango wa digrii wa UTA wa katalogi ya sasa, uuhifadhi, piga skrinshoti za jedwali la ulinganisho wa masomo zikiwa na tarehe. Kila jibu la advaiza liwe la imeili. Ukimuuliza dirishani akakujibu kwa mdomo, ukitoka mwandikie "ahsante, nimeelewa kwamba MATH 2412 yangu itahesabiwa hivi, nisahihishe kama nimekosea". Advaiza wanabadilika kazi kila siku, imeili inabaki. Na chuo cha umma kikikataa somo la ACGM ulilofaulu, wanatakiwa wakueleze kwa maandishi kwa nini, una haki ya kupinga, na vyuo viwili vinapewa siku 45 kumaliza mgogoro huo kabla haujapelekwa kwenye bodi ya elimu ya juu ya jimbo. Watu wetu wengi wakiambiwa hapana wanasema basi, wanalipa tena. Usilipe tena kabla hujauliza.

Haya yote ni Texas na ni vyuo vya umma. Vyuo vikuu vya TCU na SMU ni binafsi, wana taratibu zao, furushi la kori haliwabani. Kama una ndugu Columbus amwulize advaiza habari za Ohio Transfer 36, furushi lao la masomo ya kuhamia, wa Minneapolis kuna mtaala wa kuhamia wa krediti 40, wa Seattle wanahesabu kwa robo mwaka na asosieti yao ya kuhamia ni krediti 90, wa California wafungue tovuti ya ASSIST wataona somo kwa somo linaangukia wapi. Na vile vichuo vya biashara vinavyotangaza sana redioni "digrii kwa miezi 18", kabla ya kuweka sahihi uliza wamesajiliwa na chombo gani cha ithibati, alafu piga simu UTA uulize kama wanapokea krediti zao. Simu moja tu.

Mdogo wako unayesema anakuja na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, mambo yake ni tofauti, yeye lazima abebe krediti 12 kila semesta na katika hizo la onlaini linalohesabiwa ni somo moja tu, na akihama chuo rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) lazima ihamishwe pia. Mpango wa kwako asiuige.

Kwa wiki hii: badilisha fani kuwa AS, muone advaiza wa uhamisho, sio yule wa jumla, Kampasi ya Southeast ya koleji yako iko pale pale Arlington kama Fort Worth foleni ni ndefu, na rejista MATH 2412 mapema kabla vipindi vya mchana havijaisha. Ikiwa vimejaa ingia kwenye orodha ya kusubiri alafu uwe unaangalia tena zile siku ambazo wasiolipa ada wanafutwa kwenye mfumo, nafasi huwa zinafunguka nyingi usiku wake.